Mume wangu aliniletea isale, na mimi nikalipokea

Admin, naomba ufiche jina langu. Shikamoo kama umenizidi, na kama ni mdogo wangu basi hii usimsomee mama yako.

Mimi ni mama wa miaka 39, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi hapa Moshi, Soweto. Nauza mchele wa Chekereni na mdomo ninao, wateja wangu wanajua. Mume wangu ni dereva wa fuso, anabeba ndizi na mahindi, na safari nyingi analala Himo. Ni mpole mpaka inakera.

Mwaka huu nilienda kupimwa mlango wa kizazi kwa sababu nilikuwa natokwa na damu baada ya tendo la ndoa. Nesi alipaka siki, akaona weupe usiotakiwa, wakachukua kinyama wakapime. Majibu yakaja: kuna seli zimeanza kubadilika, bado si saratani, ila zikiachwa zinaweza kufika huko. Akasema chanzo ni kirusi cha HPV, na kinapatikana kwa kujamiiana. Aliendelea kunieleza lakini mimi sikusikia tena. Kichwani nilikuwa na neno moja tu, Himo.

Jioni nilimpokea mume wangu mlangoni hata hajavua viatu. "Malaya wako wa Himo wameniua!" Akajibu, "Mama Glory, mimi sina mtu Himo. Nalala ndani ya gari." Sikumsikiliza. Jumamosi nikapanda mlimani kwao, nikamwaga yote mbele ya mama mkwe, shemeji yangu mkubwa na wifi zangu, wakiwa wanamenya ndizi za supu ya mtori. Mama mkwe alilia. Wifi mmoja akasema, "Kumbe ule upole wake ni wa nje tu." Na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia raha.

Haikupita muda shemeji akaja nyumbani pamoja na mume wangu, na mume wangu ameshika isale. Kwa msio wa huku, hilo ni jani refu tunalolipanda mipakani mwa shamba, na Mchagga akikosea sana hulileta kuomba msamaha. Ukiletewa humkatalii mtu. Akasema, "Sijui nilichofanya. Lakini kama ugonjwa umepita kwangu nisamehe, twende hospitali upone." Nikalipokea kwa mikono miwili, nikasema nimekusamehe, na machozi juu. Akajibu, "Aika," yaani asante. Habari zikafika jumuiya yetu ya kanisani, wanawake wakanisifu kwa moyo wangu mkubwa, nami nikawaacha wanisifu.

Siku ya kwenda kugandishwa zile seli nilimkuta nesi yule yule. Nikamuuliza kwa kujidai, eti mwanaume akishakuletea hiki kirusi, yeye kinamfanya nini?

Akaniangalia. "Nani amekwambia ni baba ndiye aliyekileta? Aisee mama, siku ile hukunisikia." Akavuta kiti. Akasema kirusi kinapenya kwenye mchubuko mdogo hata usioonekana, kinashuka mpaka chini kabisa ya ngozi au utando wa mlango wa kizazi, kwenye zile seli zinazozaa nyingine. Kinajificha humo. Watu wengi sana wanakipata, na mara nyingi mwili unakifukuza wenyewe bila mtu kujua. Kwa wachache kinabaki miaka na miaka, kinaziharibu seli taratibu, zinaanza kuzaliana bila mpaka, na hapo ndipo saratani inapoanzia. "Inawezekana kilitoka kwake. Inawezekana pia ulikuwa nacho kabla hujamjua. Hakuna kipimo cha kutuambia, na wala si dhambi ya mtu."

Kabla sijamjua. Kabla sijaolewa niliishi Arusha na mwanaume mwingine, karibu mwaka mzima. Mume wangu na ukoo wake wanajua nilikuwa nakaa kwa shangazi. Pale kitandani nilitamani nijifunike shuka mpaka kichwani. Nilipotoka, mume wangu alikuwa nje na chupa ya mtori, ameacha mzigo wa watu Himo ili anisubiri. "Wamekuumiza?" akauliza. Nikasema hapana, nikaipokea chupa huku naangalia chini.

Sasa kwao wamemgeuka. Kaka yake anamsema mbele ya watoto wetu, wifi zangu hawampigii simu. Ameniambia Krismasi hii nipande mimi na watoto, yeye atatafuta safari. Mtu ambaye hajawahi kukosa Krismasi kwa mama yake!

Msiniambie ugonjwa si kosa, nesi ameshaniambia na nimeelewa. Aibu yangu ni kwamba nilimvua nguo mbele ya ukoo wake kwa jambo nisilolijua, halafu nikajifanya namsamehe. Na nilipoujua ukweli, nikanyamaza.

Jana nimekata isale kwa jirani, nimelificha kwenye gunia la mchele. Asubuhi hii mume wangu ameniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Glory, kweli ulinisamehe? Mbona siku hizi huniangalii usoni?" Nikamjibu ndiyo, nikatoka kwenda sokoni.

Ndugu zangu, nishaurini. Hili isale nimpe chumbani tukiwa wawili, yaishe, au nipande nalo Krismasi nimpe mbele ya mama yake na wote walionisikia nikimtukana, na habari ya Arusha waijue?