Washarika Wanne wa Chemsha Bongo

Hadi leo nikisikia muziki wa kile kipindi nakimbilia kuzima televisheni. Mimi ni katibu wa usharika wa Kilutheri huku Kilolo. Dada mmoja wa televisheni alinipigia simu, mtandao unakatakata, akaniomba nimtafutie washiriki wanne wa chemsha bongo. Masikio yangu ya kanisani yakasikia washarika, yaani waumini wenzangu.

"Washarika wa huku huku kwetu?" nikauliza.

"Ndiyo, baba. Wawe wanaojua vitu."

Aliposema kipindi kinarushwa moja kwa moja Jumapili mchana, watu wakitoka ibadani, shaka yote ikaniisha. Nikateua wazee wanne wanaoijua Biblia kama njia ya shambani, nikawavalisha majoho ya kwaya. Kanisani nikatangaza kila nyumba iwashe televisheni.

Siku ikafika. Ukumbini Iringa mjini nilikaa mstari wa mbele, Biblia mapajani. Mtangazaji akaanza kusoma swali, "Mtu wa kwanza kutembea juu ya..."

Mama Mgaya, mzee wetu wa kanisa, akagonga kengele. "Petro. Bwana Yesu hatumhesabu, yule ni Mungu."

Mtangazaji akamalizia taratibu, "...juu ya mwezi."

Halafu akayatazama yale majoho. "Wazee wangu, nani kawaambia hiki ni kipindi cha Biblia?"

Waligeuka wote wanne wakanitazama, na kamera ikawafuata. Kwenye skrini kubwa nikajiona nimeachama mdomo, na Kilolo nzima inaangalia, kama nilivyowatangazia.