Height Niliyofundishwa na Yaya

Mtu akiniambia Kiingereza ni lugha tu kama nyingine, natamani kumzaba kofi. Kiingereza kilininyang'anya kazi. Hapana, niseme ukweli: si Kiingereza, ni yaya yangu.

Kwetu Kolwezi, mtoto wa kaka mkubwa wa baba ni yaya, ndugu mkubwa, na yaya akisema, weye unanyamaza. Huyu wangu alikulia Zambia. Aliporudi, mama alimpokea nyumbani kwetu Dilala, tukalala chumba kimoja na kula bukari, ugali wetu, sahani moja.

Basi mgodi mmoja ukatafuta mtu wa kuongoza causerie, yale mazungumzo ya usalama ya kila asubuhi, wafanyakazi wamesimama duara kabla ya kuanza kazi. Nafasi ilikuwa moja tu. Mimi na diploma yangu nilikuwa naendesha taxi-moto, pikipiki ya abiria, nakula vumbi la malori kutwa nzima. Niliitaka ile kazi mpaka nikawa naiota. Yaya akasema yeye haimhusu: "Mi narudia Zambia, mudogo yangu. Ile kazi ni yako."

Mtihani ulikuwa kuongoza causerie kwa Kiingereza mbele ya mabosi, juu ya hatari ya kufanya kazi mahali palipoinuka. Neno height, ule urefu wa kwenda juu, lingekuwa kinywani mwangu mwanzo hadi mwisho. Na sisi tuliosomea Kifaransa, ile h tunaipita kama hatuioni. Yaya akanikalisha uani, nikapumua na kupumua kama mtu anayepuliza makaa ya jiko la mbabula, mpaka h ikatoka.

"Sasa sema heit," akaniambia.

Lakini simu yangu ilikuwa inasema hait! Nikamsikilizisha. Akacheka sana.

"Telefone inasemaka ya Amerika. Kule ku mugodi beko Bazambia. Weye sema heit."

Nikazima simu, nikasema heit. Yaya amesema, mimi nani?

Siku ya mtihani nikamkuta yaya kwenye benchi la kungojea, amevaa shati langu jeupe. "Nimekuya kujaribu tu," akasema, bila kuniangalia. Sikupata nafasi ya kumuuliza, jina langu likaitwa.

Nilianza kwa nguvu. Heit hapa, heit pale. Bosi mmoja mgeni akanikatiza, akauliza nazungumzia kitu gani. Nikadhani h haikusikika, nikaipuliza zaidi: heit! Wakaangaliana. Mmoja akaziba mdomo asicheke. Nikaanza kutoka jasho, na maneno yote niliyokuwa nimekariri yakanikimbia, nikabaki nimesimama kama mjinga.

Nikatoka, akaingia yaya. Mlango haukufungwa vizuri. Nikamsikia: hait. Safi, bila kusita. Akarudia tena, na tena. Eh Mungu wangu! Alikuwa analijua siku zote; ile heit yangu mabosi walisikia hate, yaani chuki. Nikakaa chini pale pale kwenye sakafu. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Wangu alikuwa ndani ya shati langu.

Kazi alipata yeye. Safari ya Zambia hakuitaja tena.

Jumapili mama akapika samaki wa ziwa Nzilo kumpongeza. "Aksanti, mwana yangu," akamwambia, "umemusomesha sana ndugu yako. Hata kama hakubahatika, usichoke naye."

"Bila shida, mama. Tutaendelea."

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikapiga meza. "Mama, huyu alinifundisha uongo makusudi! Alijua! Ameniibia kazi!"

Mama akaacha kijiko. Nilingoja amgeukie, amuulize hata swali moja tu. Aliniangalia mimi.

"Wivu ni kitu mubaya," akasema. "Na yaya yako tena? Ule mwenye alikukalisha uani akikusomesha?"

Yaya akainamisha kichwa, mpole kabisa. "Muache, mama. Iko na uchungu."

Mama akamwomba msamaha kwa niaba yangu, na yeye akanisamehe.