Sekunde Nne za Mugizo

Bi Kuze Tomoe amepanga michoro ya anime, katuni za Kijapani, kwa miaka ishirini na sita, na mimi msaidizi wake sikuwahi kumsikia akibishana na mtu. Ndiyo maana Alhamisi ile, alipobishana, roho yangu ilikuwa juu.

Sehemu ya tisa ilikuwa na msiba. Mugizo, mpishi mpumbavu wa hadithi yetu, anayepiga kelele hata akituliwa na nzi, anakwenda kumuaga bibi aliyemlea. Kwenye mazishi ya Kijapani kuna visahani viwili, cha ubani wa unga na cha makaa. Unachota ubani kwa vidole, unaudondosha kwenye makaa, unainama. Bi Kuze alimchora Mugizo akikosea kisahani na kuchota kaa la moto, kimya.

Bwana Segawa, mtayarishaji, aliupiga ukurasa kwa kidole. "Hapigi kelele? Watu wanawasha televisheni kwa ajili ya kelele zake. Mrushe mpaka darini huyu."

"Mimi nataka kaa hilo lifutwe kabisa," alisema Inui, mwongozaji wetu. "Huu ni msiba, siyo sarakasi."

"Malizaneni," alisema Segawa. "Ikifika saa sita mchana hamjaelewana, sehemu hii nampa Ogata aichore yeye."

Nilimchukia Segawa pale pale. Bi Kuze, asiyeombaga kitu, alikuwa ameiomba sehemu hiyo.

"Sifuti," alisema Bi Kuze. "Wala simrushi."

"Sasa kichekesho kiko wapi, Bi Kuze?" aliuliza Segawa.

"Watasubiri apige kelele. Watacheka wakisubiri."

"Nani atamcheka mtu anayeungua?" aliuliza Inui.

"Mimi." Alikuwa akitazama meza. "Kwenye mazishi ya baba, mwezi wa pili. Mama alichota kaa. Akalishika, akalirudisha, akainama, hata kuguna hakuguna. Mimi na dada tulikuwa nyuma, tumeziba midomo kwa kucheka. Vidole vyake nilikuja kuviona kwenye gari."

Segawa akaanza kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake. Mimi nilitamani ardhi inimeze, maana nilikuwa nimeshaicheka michoro ile asubuhi.

Inui akaufungua tena ukurasa, akausoma taratibu.

"Hapa kwenye kaa umeandika sekunde nne. Hazitoshi. Mtazamaji atakuwa bado anacheka, hajaona kwamba Mugizo anaungua."

"Najua."

Sote tunajua Bi Kuze anavyopima urefu wa tukio: hufumba macho, akaigiza mwenyewe, saa ya sekunde mkononi.

"Nimepima wiki nzima," alisema. "Ikifika ya nne nafumbua macho. Siwezi kupita hapo."

Inui akanyoosha mkono. "Nipe hiyo saa, nipime mimi."

Akafumba macho, akabana vidole viwili hewani. Bi Kuze akageukia ukutani. Kisha Inui akaisimamisha saa.

"Tisa," alisema Inui.

Segawa akaandika tisa kwenye ukurasa kwa mkono wake mwenyewe. Bi Kuze akachukua simu yake, akatoka kwenda kwenye ngazi kumpigia mama yake.