Dereva aliyezuiwa mpakani na jina la mume waliyeachana naye

HAKUWA na utingo. Hakuwa na kioo cha upande wa kushoto, kilichovunjwa na mkokoteni sokoni. Hakuwa na maji zaidi ya nusu chupa, wala chaji ya simu, wala mtu wa kumshikia foleni akienda msalani. Na alipofika kwenye dirisha la ofisa mpakani, mwanamke huyu dereva wa malori hakuwa na jina moja la kujibu akiulizwa yeye ni nani. Alikuwa na mawili.

Sasa ni asubuhi, wiki kadhaa baadaye, katika yadi ya malori. Analizunguka lori lake akigonga kila tairi kwa mpini wa nyundo, sikio ameliinamisha.

"Tairi zima linaitika," anasema. "Lililoishiwa upepo linanuna kama mume aliyecheleweshewa chai."

Mafundi wanacheka. Wanamwita Mama Gia, na wengi wao hawamjui kwa jina lingine.

Ndoa yake ilivunjika mahakamani mwaka jana, baada ya miaka kumi na minne. Hakugombania vyombo wala makochi. Alitaka jina la baba yake, fundi matairi mstaafu aliyemfundisha kubadili gia akiwa bado shule ya msingi.

Binti yake alimuuliza, "Mama, kwa hiyo mimi na wewe hatutafanana majina?"

"Pua tunafanana," alimjibu. "Hiyo hakuna hakimu wa kuitengua."

Mtu mwingine pengine angeanza na pasipoti. Yeye alianza na kitambulisho, kisha leseni ya udereva, na kazini akaandikishwa upya. Pasipoti akaiacha na jina la mume.

"Leseni ndiyo jembe langu," anaeleza. "Trafiki haniulizi pasipoti, ananiuliza leseni. Pasipoti niliiona kama mwavuli, kwamba nitaushughulikia mvua ikinyesha."

Mvua ilinyesha mpakani, akiwa amepakia vitunguu. Ofisa aliweka pasipoti na leseni mezani, akazitazama kwa zamu.

"Huyu wa kwenye leseni ni nani?"

"Ni mimi, afande."

"Na huyu wa kwenye pasipoti?"

"Ni mimi pia, nilipokuwa nimeolewa."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Ofisa hakucheka.

"Basi dada, aliyeolewa apite. Pasipoti yake haina kasoro. Ila lori linaendeshwa na huyu mwingine, na huyu mwingine hana pasipoti."

Kwa maneno mengine, angeweza kuvuka kwa miguu na kuyaacha magunia nyuma. Alichotakiwa kuonyesha ni hati halisi ya talaka, si picha ya kwenye simu. Hati hiyo alikuwa ameiacha kwa baba yake, iwe salama.

Madereva wenzake hawakumtupa. Walilisogeza lori lake kila foleni iliposogea, wakampa maji, kisha wakaenda dirishani kumtolea ushahidi. Aliyewaongoza anaitwa Bonde, kwa sababu huimba kila anapoteremka mlima.

"Huyu mama tunamjua miaka kumi na moja, afande. Tumelala naye maegesho yote ya barabara hii, kila mtu kwenye gari lake."

"Vizuri. Jina lake kamili?"

Wakatazamana. Mmoja akakohoa.

"Mama Gia," akasema Bonde.

Ofisa akafunga dirisha aende kula.

Barabarani ndivyo watu hawa wanavyoishi. Dereva akishapewa jina la utani, la kwao hubaki kwenye karatasi. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba siku moja angehitaji kulijua la mwenzake.

Habari zilimfikia hata baba watoto wake. Akampigia, wakati simu imepata chaji kidogo garini kwa Bonde.

"Si unaona sasa? Jina langu halijawahi kukulaza njiani. Rudi tu kwenye jina langu, mambo yaishe."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alimjibu. Simu ikazima chaji, na hadi leo mwanamume huyo anaamini alikatiwa makusudi.

Baba yake ndiye aliyeokoa jahazi alipopata habari. Alikwenda stendi na hati ndani ya gazeti, akamkabidhi dereva wa basi.

"Nilimwambia, kijana, hii karatasi ni mtoto wangu. Usiikalie," anasimulia mzee huyo.

Hati ilifika siku ya nne. Magunia ya chini yalikuwa yameanza kutoa maji, na harufu ilishawakimbiza wauza karanga. Ofisa alisoma, akagonga muhuri.

"Safari hii nimekuelewa. Ijayo njoo na mtu mmoja."

Hivyo hawezi kuvuka tena kwa majina mawili, na ndiyo sababu mwenye lori, ambaye madereva humwita tajiri, yumo yadini asubuhi hii. Anasubiri matairi yamalizwe kugongwa.

"Mama Gia, pasipoti yako ina miaka sita mbele. Rudisha leseni kwenye jina la yule bwana, mara moja unapakia simenti unaondoka."

"Na nikiipeleka pasipoti ikabadilishwe?"

"Huvuki hadi irudi. Huku utabeba kokoto za hapa mjini. Lori nampa Bonde."

"Ikirudi?"

"Bonde akishalizoea, sitamteremsha. Biashara ni biashara, mama."

Kwa safari za nje hulipwa karibu mara tatu ya dereva wa kokoto. Kwa malipo hayo anasomesha, na kwa malipo hayo anataka siku moja kununua lori lake, hata kuukuu, ubavuni liandikwe jina alilozaliwa nalo.

Anapanda kwenye lori, anachukua kanga na kikombe chake, anashuka na kumtafuta Bonde kwa macho.

"Dada, mimi sikuomba," anasema Bonde.

"Najua. Shika ufunguo. Breki ya mkono inateleza, usiiamini mlimani. Na gia ya tatu uibembeleze, ukiilazimisha inasusa."

"Litakuwa lako ukirudi."

"Usiahidi kitu cha mtu, mwenyewe akiwa anasikia," anamwambia, na tajiri anageuka kutazama lango.

Mchana yuko posta. Ofisi ya pasipoti iko mbali, na maombi hupokelewa kwa barua ya rejista. Ndani ya bahasha anatia pasipoti, hati ya talaka na barua ya mistari mitano, aliyoiandika mwenyewe na kutia sahihi kwa jina la baba yake.

"Una hakika?" anauliza karani. "Ikishaingia kwenye mfuko wa barua siitoi."

"Sitakuomba uitoe."

Analamba gundi, anaukandamiza mdomo wa bahasha kwa kiganja kutoka pembe hadi pembe, anaisukuma chini ya kioo. Karani anagonga muhuri mara mbili na kuitupa mfukoni.