Mtoto Aliyekaa Mlangoni pa Duka la Maziwa

Saa moja kasoro asubuhi, Mukandekezi anamimina maziwa kwenye sufuria kubwa katika chumba chake cha biashara, mtaani Gitega, Kigali. Anakoroga, anaonja kwa ncha ya kijiko. Wateja wanne wamekaa kwenye benchi wakisubiri vikombe vya maziwa ya moto na andazi.

"Mama Kaliza!" anaita Ismaël, dereva wa teksi. "Mtoto yako iko wapi? Siku hizi hatumuone. Ama maziwa umetia maji?"

Wenzake wanacheka. Mukandekezi anageukia jiko kana kwamba maziwa yanafurika, nayo hata hayajachemka.

Utani huo unamchoma kwa sababu aliyeuanzisha ni yeye mwenyewe.

Alifungua duka mwaka 1987, baada ya kufiwa na mume. Wauza maziwa wa mtaa huo wote walishukiwa kuongeza maji. Yeye alikuwa na ushahidi: bintiye Kaliza, wa miaka minne, mwenye mashavu yaliyojaa. Akamweka kwenye kigoda mlangoni, kikombe mkononi.

"Nilikuwa nawaambia watu, tazameni huyu, maji hayanenepeshi hivi," anasimulia, macho chini. "Kikombe kikiisha, najaza. Akisema ameshiba, namwambia, kunywa mwanangu, wateja wanakuangalia."

Lita ishirini alizouza kwa siku zikawa sitini. Kaliza naye, akiwa na miaka tisa, akafika kilo hamsini na nane.

Watu walimsifu. Mtoto mnene alimaanisha nyumba yenye ng'ombe, na Mukandekezi hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Majirani wakaanza kununua utando wa maziwa ili watoto wao wafanane na Kaliza.

Machi mwaka huu wa 1992, Kaliza alianguka akikimbia na wenzake shuleni. Mwalimu alimleta nyumbani akihema, mkono kifuani. Mama alidhani ni kijicho cha watu. Akampa vikombe viwili vya maziwa yenye sukari, apate nguvu.

"Hilo ndilo ninaloomba Mungu anisamehe kila ninapopiga magoti," anasema.

Wiki iliyofuata walikwenda zahanati. Muuguzi, Épiphanie, alijaribu kumfunga mkononi kitambaa cha kupimia presha cha watoto. Hakikutosha. Akachukua cha watu wazima, akapima mara tatu.

"Mama, unamlisha nini?"

"Maziwa tu, dada, kama lita tatu, na samli, akikaa pale dukani. Maziwa si dhambi."

"Si dhambi. Lakini lita tatu kwa siku, na samli, na kukaa tu?"

Akamweleza kwamba uzito ule unaulazimisha moyo wa mtoto kusukuma damu kwa nguvu kupita kiasi. Presha ikikaa juu miaka mingi, mishipa hukakamaa, na ugonjwa wa moyo humpata mtu angali kijana. Akaongeza kwamba Kaliza hajachelewa.

Sasa anakunywa kikombe kimoja kwa siku, anakula maharage na mboga, na kwenda shule kwa miguu. Presha imeshuka kidogo.

"Wateja walikuwa wananifinya mashavu," anasema Kaliza, akijiandaa kwenda shule. "Sikupenda. Lakini Mama alikuwa anafurahi."

Mukandekezi, anayekausha vikombe, anaacha kitambaa.

Mara mbili amesimama katika jumuiya yao ya sala akitaka kuwaambia akina mama ukweli. Mara zote mbili aliishia kuongoza sala, akaketi.

"Niliogopa kupoteza wateja. Niliogopa pia macho ya wale akina mama," anakiri. "Jana jirani yangu Nyiransabimana alikuja kununua utando kwa ajili ya mtoto wake. Mtoto ana miaka mitano, tayari anapanda ngazi kwa kupumzika. Nilijua. Nikamuuzia."

Anafuta machozi kwa kiganja.

"Leo nikifunga, naenda kwake kwanza. Nitamweleza alichoniambia muuguzi, na nilichomfanyia mwanangu. Jumapili nitawaambia wengine. Naomba Mungu nisigeuke nikifika mlangoni pake."