Kidevu cha Mfalme

Nikisikia harufu ya tapentaini hata leo, mate hunijaa kinywani kana kwamba nimenusa chakula. Si kosa langu. Kibanda cha baba yangu pale Dagoretti Corner, Nairobi, kilikuwa kimebanwa kati ya mafundi seremala na Mama Nafula, mwanamke aliyeuza viazi vitamu vya kuchemsha, kwa hiyo utotoni mwangu rangi, maranda ya mbao na viazi vilinukia pamoja, nami sikujua kwamba kwa watu wengine hivyo ni vitu vitatu mbalimbali. Baba alikuwa mchora mabango. Alichora vichwa vya ng'ombe vya mabucha, alichora mbwa wenye meno kwenye mageti ya matajiri wa Lavington na kuandika MBWA KALI chini yao, lakini sifa yake kubwa ilikuwa mabango ya vinyozi: safu ya vijana wenye mitindo ya nywele, kila kichwa na namba yake chini, ili mteja asihangaike kueleza, aseme tu, "Ninyoe namba tatu." Vichwa vyote vilifanana. Mama alidai vyote ni Baba mwenyewe alipokuwa akimposa, na Baba hakuwahi kukanusha.

Mwaka niliotimiza miaka minane, likizo ya Desemba ilipokaribia, Mama Nafula alileta baba yake kutoka magharibi aje kutibiwa macho. Alituambia tumwite Kuka, kama wanavyoita babu kwao. Sisi kwetu babu ni Guka, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kujifunza neno jipya. Alikuwa mzee mrefu, mpole, mcheshi, aliyekaa kwenye kigoda kando ya sufuria ya viazi akiwasalimu wapita njia wote kana kwamba wamekuja kumtazama yeye. Daktari alikuwa amemwambia kweli bila kuipaka sukari: ukungu ule hautaondoka, na utazidi. Siku moja akamwita Baba, akamweleza haja yake. Babu yake yeye alikuwa mfalme wa ukoo wao, wa tano kukalia kiti, na hakuna picha yake hata moja duniani. Kuka ndiye mtu wa mwisho aliye hai aliyemwona. "Mimi nataka nione yeye mara moja tena," alisema, "mbele ya hii macho haijafunga."

Baba alikubali papo hapo, kisha akarudi kibandani amenyong'onyea. "Sisi Wakikuyu hatukuwa na wafalme," aliniambia. "Sasa mimi nitachora aje mtu ata kiti yake sijawahi ona?" Ndipo Jumamosi moja akanishika mkono tukashuka mjini, tukazunguka kwa wauza vitabu vikuukuu waliotandaza bidhaa zao kando ya njia, tukitafuta mfalme wa kuigia. Tulipata wanasoka, tukapata malaika, tukapata ramani ya mfumo wa chakula tumboni. Wafalme tuliowapata walikuwa kwenye pakiti ya karata, wanne kwa mpigo, na Baba akawanunua akiwa amefurahi sana. Nakumbuka nilikula samosa mbili siku ile na nikaona kwamba kazi ya sanaa ni kazi nzuri.

Penye wengi pana mengi. Habari zilipoenea pale stejini, kwenye kituo cha matatu, kwamba Baba anachora mfalme, kila mtu akawa na maoni. Bwana Maina, mpiga picha za pasipoti aliyekuwa jirani yetu upande wa pili, alisema mtu wa heshima hutazama mbele, masikio yote mawili yaonekane, bila kucheka. "Picha ni ushahidi," alisema. "Kama haiwezi kutambulisha mtu kwa polisi, hiyo ni urembo tu." Baba alitoa sarafu mfukoni, akamwonyesha: wakubwa wa nchi hii hutazama upande, si mbele. Mama Nafula hakujali mbele wala upande. Alitaka kiti chenye ngozi ya chui, taji, na watu wamepiga magoti. Mama yangu alisema wote wanakosea, kwa kuwa mchoraji wa mfalme humchora mfalme asivyokuwa, na ndiyo maana hulipwa. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na ngoma yenyewe ilikuwa ya Kuka, ambaye hakuna aliyemwuliza.

Mfalme wa kwanza alikuwa na ndevu za mawimbi na upanga mkononi. Kuka aliusogeza ubao hadi ukakaribia kugusa pua yake, akacheka mpaka akakohoa. "Huyu ni wa karata," alisema. "Huyu nimekula yeye mara mingi." Baba akapaka nyeupe juu yake, akaanza upya, safari hii mbele kabisa, kama alivyotaka Bwana Maina. Alikesha na mfalme huyo, na asubuhi tulipomtazama tuliona kijana nadhifu mwenye shavu laini, nywele zimepandishwa juu, na chini ya kidevu, kwa sababu mkono wa mtu huzoea kazi yake, Baba alikuwa ameandika 4. Kuka aliipapasa ile namba kwa kidole. "Alikuwa wa tano," alisema kwa upole. Stejini kote walicheka juma zima, na vijana walipita kibandani wakiomba kunyolewa mfalme namba nne. Baba alicheka nao, lakini jioni aliupaka ubao nyeupe tena, nami nilimwonea huruma sana. Kuka alikuwa amekata tiketi ya kurudi kwao kabla ya Krismasi, na kila asubuhi alihitaji sauti ya mtu ili amtambue.

Siku moja jua lilikuwa kali, nami nilikuwa nimekaa chini kwenye maranda, miguuni pa Kuka, nikisubiri. Alikuwa na desturi ya kumenya kiazi na kunikatia kipande bila kutazama. Niliinua uso nikamwangalia, na macho hayana pazia. "Guka," nikasema, "mashimo ya pua yako ni kubwa kama ya ng'ombe." Mama Nafula aliacha kijiko. Baba alitoka kibandani ameshika brashi, na nikajua nitachapwa. Lakini Kuka alikuwa ametulia, kiazi mkononi.

"Hata yeye," alisema. "Hata yeye ilikuwa hivyo."

Kisha maneno yakamtoka. Hakuwahi kumwona babu yake kwa mbele. Nani angemtazama mfalme usoni? Naye alikuwa mtoto wa kukaa chini, miguuni, wakati wakubwa wanashauriana. Alichokijua ni kidevu, tundu mbili za pua zenye mvi, shingo iliyotikisika mfalme alipocheka, na mkono wenye bangili ya shaba ulioshuka ghafla kutoka juu na kipande cha kiazi. Hakujua lolote kuhusu taji. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Halafu, mbele ya maseremala, makanga wa matatu na Bwana Maina, akaniambia nisogee, akalala chali kwenye maranda chini ya kidevu cha Kuka, akatazama juu kwa muda mrefu. Watu walidhani jua limempiga.

Mfalme wa tatu alikamilika siku mbili kabla ya safari. Bwana Maina alisema hiyo si picha ya mtu, ni picha ya pua, na hajabadili msimamo mpaka leo. Mama Nafula alilalamikia kiti. Kuka aliusogeza ubao usoni, akaushusha, akausogeza tena pole pole, kidevu, shingo, mpaka akafika kwenye mkono. Alikinga viganja vyote viwili, akavishikanisha vizuri kama mtoto aliyefundishwa adabu, akangoja apewe. Nililia, ingawa nilikuwa nimefurahi, na Baba akajifanya anatafuta kitambaa cha kufutia brashi.

Siku hizi barabara ya pale, Ngong Road, imepanuliwa, kibanda hakipo, na mabango hutoka kwenye mashine kabla hujamaliza chai. Baba amestaafu, yuko nyumbani Dagoretti na kuku wake. Simu yangu imejaa picha zake, zote za mbele, masikio yote mawili yanaonekana, Bwana Maina angeridhika; hakuna hata moja iliyopigwa kutoka chini, nilikokuwa nikimtazama utotoni. Mwezi uliopita mwanangu wa miaka minne alimchora babu yake kwa krayoni: mashimo mawili makubwa, kidevu, na mkono unaoshuka na biskuti. Tulicheka sote isipokuwa Baba. Alivaa miwani, akaitazama picha ile muda mrefu, kisha akaomba kalamu, akaandika chini ya kidevu chake, kwa mwandiko ule ule wa mabango ya vinyozi: 1.