Jina Ubavuni mwa Lori la Bati

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Ramji, mwenye duka la vitu vya kuchezea watoto karibu na Mnazi Mmoja, alinikabidhi gari dogo la bati la rangi ya buluu, pamba na chupa ya tapentaini ya kufutia wino. Zama hizo za Mwingereza, magari hayo yaliletwa yamepigwa chapa za maduka ya Ulaya. Wateja hawakuzitaka; walitaka majina ya watoto wao.

"Chapa itoke, rangi ibaki," aliniambia. "Ukiona pamba inageuka buluu, simama."

Chapa za karatasi zilikuwa rahisi: unazifunika kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka gundi ilegee. Za wino ndizo zilizotaka subira. Unasugua kwa ncha ya pamba, unakausha upesi kabla tapentaini haijala rangi ya chini.

Bwana Ramji aliporudi kwao, nilihamia Kariakoo kwa fundi mwingine wa kazi hiyo hiyo, tuliyemwita Fundi Mkuu, mtu wa maneno machache. Huko ndiko alikokuja Bwana Nasoro, Mwarabu muuza nguo, na lori la bati lenye jina la mwanawe, Khamis, kwa herufi za Kiarabu. Khamis alikuwa amefariki kwa homa.

"Lifute," alisema bila kunitazama. "Mdogo wake analililia hili lori, nami siwezi kulisoma jina hilo kila siku."

Nilikwisha ondoa herufi ya kwanza mkewe alipoingia akitweta, buibui limejaa vumbi.

"Baba Khamis, nguo zake umezigawa, nikanyamaza. Na hili pia?"

 Bwana Nasoro akaketi kizingitini, akalia kwa sauti mbele ya wapita njia. Mkewe akaketi kando yake, akamshika mkono. Fundi Mkuu aliinamisha kichwa.

Nikaiweka pamba kando. "Mama, naweza kuiandika tena hiyo herufi."

"Usiandike, mwanangu. Hiyo itakuwa yako. Hizi zilizobaki ndizo alizozishika yeye."

Wakaondoka na lori lao.

Niliifanya kazi ile mpaka macho yakachoka, nikastaafu. Vijana wakinijia, nawafundisha yote ya pamba na tapentaini. Lakini mtu akileta kitu chenye jina, nawaambia wamuulize kwanza: "Nyumbani wanajua?" Wengine hujibu upesi. Wengine hukichukua kitu chao, wakarudi nacho nyumbani.